Siku Niliyomtemea Mate Mwalimu Haskins

Nimestaafu, na nasema hivyo mapema ili mtu asinipigie simu kuniomba nimshikie zamu ya Jumamosi. Miaka kumi na tisa nimetoboa watu mikono kuwatoa damu ya vipimo hapa Washington na viunga vyake, na wengi wao walinishukuru, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Sasa nakaa Bowie, nina viti viwili barazani na nyanya ambazo kulungu wanakula kabla yangu. Lakini hamniachi. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja mmoja wenu aliyeanza kozi ya kutoa damu, anakula pilau yangu sahani mbili, anafuta mdomo, halafu anasema, "Shangazi, tupe siri." Siri! Kama ingekuwepo si ningeiuza?

Haya, nimeamua kuandika, angalau friji langu lipumzike.

Kwanza, punguzeni mapenzi na ile taa. Najua siku hizi mna taa inayomulika ngozi mishipa yote ikaonekana, nzuri sana, hongereni. Ila nimewaona taa ikiisha chaji. Mnabaki mmeshika mkono wa mgonjwa mnauangalia tu, na mgonjwa anawaangalia nyinyi. Mshipa hautafutwi kwa macho. Ule unaokaa juu juu wa bluu, unakukonyeza, ndio utakaokukimbia. Tafuta kwa kidole cha shahada: bonyeza, achia, sikiliza kidoleni kama unarudi juu. Ukirudi, huyo ndiye. Na msikate ncha ya glovu ati mguse vizuri. Nimewaona, msinibishie. Mishipa ya wazee hutembea, kwa hiyo vuta ngozi chini kwa dole gumba na uishikilie. Mgonjwa ana baridi? Mpe kitambaa cha moto kwanza. Na kabla hujamfunga mpira mkononi, muulize habari za nyumbani na usikilize jibu, kwa sababu mtu anayekueleza habari za mjukuu wake hakumbuki kukaza misuli.

Wala msidanganywe na ukubwa wa mwili. Niliwahi kuletewa kijana mlinzi wa uwanja wa mpira kule Landover, mabega hayapiti mlangoni mpaka ageuke. Nilipomgusa tu na pamba ya spiriti, chini! Tulimnyanyua watu watatu na damu sikuwa nimechukua hata tone. Alipozinduka aliniambia, "Mama, usimwambie mtu." Sijamwambia mtu mpaka leo, ninyi si watu.

Mnacheka. Subirini niwaambie yangu.

Mimi nilikuja nchi hii nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mjane, na binti yangu wa miaka kumi aliyenigeuka ndani ya miezi sita, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nyumbani Moshi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Hapa niliosha vyombo kwanza, kisha nikasoma kozi ya kutoa damu, nikaajiriwa kwenye kliniki moja ndogo karibu na U Street. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Ukiwaridhisha unabaki, usipowaridhisha kwaheri. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Landover, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inatulisha, inatulipia chumba, inamnunulia mtoto koti. Sikuwa na nyingine.

Na mkono ulikuwa unatetemeka. Si kidogo. Darasani niliwatoboa wenzangu vizuri tu, lakini akikaa mgonjwa wa kweli kwenye kiti, vidole vinaanza. Mwajua chupa ya kifuniko cha bluu iliyopauka, ile ya wagonjwa wanaotumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Lazima ijae mpaka kwenye mstari, ikipungua maabara wanaikataa. Zangu zilikuwa zinarudi kila wiki.

Msimamizi wetu alikuwa Achieng', Mkenya wa Kisumu, mwanamke mrefu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyenifundisha nusu ya haya ninayowaandikia. Siku moja alinivuta pembeni. "Aika dada yangu, wewe ni mtu mzuri, wagonjwa wanakupenda," alisema. "Lakini hii mkono yako itatumaliza. Inashake hata kama hujakunywa chai. Mkubwa ameniambia complaint ingine moja tu, basi. Na mimi nitafanya aje? Nitakuachilia, halafu niende nyumbani nilie."

Sasa mimi nilikuwa naijua sababu, ila sikumwambia. Niliamini mkono unatetemeka kwa sababu niliondoka nyumbani bila baraka ya baba.

Msinikunjie uso. Kwetu mtu akisafiri safari kubwa, anakwenda kwa baba yake, anapiga magoti, anaomba. Mzee anakunywa funda la maji au la mbege, pombe yetu ya ndizi, anakurushia matone kifuani na kichwani, tfu, tfu, anakutamkia maneno. Ukoo wetu ndivyo ulivyofanya tangu zamani, Wakristo na wote. Huwezi kubarikiwa bila kuomba, na mzee hakufuati na bakuli la maji njiani. Mimi niliijaza ile fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani kwa siri, nikashinda, nikakata tiketi, baba nikamwambia imebaki wiki moja. Alinitazama kama ambaye hanijui. "Mwalimu wa serikali," alisema, "unaacha darasa lako ukaoshe vyombo vya watu." Nami nikajibu jibu ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mama zenu watasoma. Siku ya safari alikaa ndani na mlango wazi, akinisubiri nipige magoti. Nilipita nje na sanduku langu. Mwaka mzima tangu hapo tulikuwa hatujazungumza hata kwa simu.

Basi kila Jumanne saa nne asubuhi alikuwa anakuja mzee mmoja, Bwana Haskins, Mmarekani mweusi, mrefu, kofia ya manyoya hata kukiwa na joto. Alifundisha Kiingereza shule ya sekondari miaka mingi, amestaafu, anakaa nyumba yake ile ile ya mtaa wa Shaw aliyorithi kwa mama yake huku majirani wapya wakimuuliza kila mwezi kama anauza. Alikuwa anatumia hiyo dawa ya damu nyepesi, kwa hiyo kila wiki ni kupimwa. Mishipa yake ilikuwa imechoka, na yeye alikuwa amewachoka wote waliomtoboa. Wenzangu walikuwa wanajificha chooni wakimwona anashuka kwenye gari. Ndivyo alivyoniangukia mimi.

Aliposoma jina langu kifuani, aliinua kidole. "Hujambo, binti? Je, wewe watoka nchi gani?"

Mnajua Kiswahili cha kitabuni? Alikisoma chuoni ujanani, enzi ambazo vijana wao walikuwa wanakitafuta kwa hamu, na hakikuwahi kupata mtu wa kukichakaza. Kimekaa vile vile, kimepigwa pasi. Nikamjibu kwa adabu, "Shikamoo." Kofia ikavuliwa! "Marahaba!" akasema, kwa nguvu mpaka mama aliyekuwa kiti cha pili akashtuka. "Miaka arobaini nimengoja mtu aniambie neno hilo." Kuanzia siku ile akataka nimwite Mwalimu, na akanikataza kumtoboa zaidi ya mara moja kwa siku. Mara nyingi nilishindwa, Achieng' akaja kumalizia, Mwalimu akanisamehe kwa masharti: kila wiki anipe neno moja la Kiingereza lilikotoka, nami nimpe la Kiswahili.

Hayo masomo ndiyo yaliyonisaidia kuielewa lugha ya watu hawa, vitabu havikunisaidia. Wiki moja nikamuuliza kuhusu neno "bless". Maana mji huu watu wanagawa baraka ovyo, sijui kama mmeona. Dereva wa basi anakutakia siku yenye baraka. Mwenye duka hivyo hivyo. Ukipiga chafya mbele ya watu wasiokujua, wote wanakubariki bure, hata yule aliyekusukuma mlangoni. Nikasema, Mwalimu, neno hili linatoka wapi, mbona linagawiwa kama pipi?

Akafurahi mpaka akakaa vizuri kitini. "Binti, neno hilo ni ndugu wa kazi yako. Limetoka kwenye damu."

Akanieleza polepole, akichanganya Kiswahili chake cha pasi na Kiingereza. Waingereza wa kale, kabla hawajabatizwa, walipotaka kitu kiwe kitakatifu walichinja mnyama, wakachukua damu yake, wakakinyunyizia: madhabahu, kizingiti, hata mtu. Kile kitendo cha kukitia kitu damu ndicho walichokipa jina, na jina hilo ndilo lililotembea karne na karne likawa "bless". Ukilichimba, ndani yake limo "blood", damu. Hivyo ndivyo wengi wa wajuzi wa maneno wanavyoamini, alisema, ingawa shahidi wa kuchinja hayupo. Kisha wakaja watawa na Biblia ya Kilatini, na kwa Kilatini kubariki ni kusema mema tu, kwa mdomo, bila kumchafua mtu. Wakahitaji neno la wenyeji la kuweka mahali hapo. Wakatafuta, wakaona la karibu ni hilo la damu. Wakalisafisha, wakaliingiza kanisani. Baadaye watu wakaliona linafanana na neno lao jingine la furaha kuu, "bliss", wakayaweka pamoja, na damu ikasahaulika kabisa.

"Kwa hiyo dereva wa basi ananitakia nini?" nikauliza.

"Anakupaka damu ya mbuzi asubuhi na mapema," akasema, "na masikini hajui."

Tulicheka mpaka Achieng' akachungulia. Akanipa kazi ya nyumbani: nikatafute "baraka" nayo ilikotoka. Nilimuuliza jirani yangu wa Landover, mama wa Unguja aliyesoma chuo cha Kurani tangu ana miaka minne. Akaniambia limetoka Uarabuni, na huko ni ndugu wa neno la ngamia anapopiga magoti chini akatulia. Jumanne nikampelekea Mwalimu. Alipiga goti lake kwa kiganja. "Wao walinyunyiza damu, nyinyi mnapiga magoti," akasema. "Ninyi mmechagua ya nafuu." Mimi nikainamia chupa zangu, maana kama mjuavyo mimi ndiye niliyekataa hayo magoti.

Sasa ikaja ile Jumanne.

Ilikuwa wiki ya kumi na moja ya majaribio. Wiki ile peke yake chupa zangu mbili zilikuwa zimerudi, na asubuhi Achieng' hakunitania, ndipo nikajua mambo ni mabaya. Mwalimu akaketi, akakunja mkono wa shati, tukasalimiana. Nikafunga mpira. Nikapapasa, nikaupata mshipa, mwembamba lakini upo. Nikafuta kwa spiriti. Hapo inatakiwa usubiri sekunde thelathini ikauke yenyewe. Msipepee, msipulize, mdomo wenu una wadudu wengi kuliko mnavyojidhania. Nikasubiri. Na wakati nasubiri, mkono ukaanza. Nikautazama ule mkono wangu na sindano ya kipepeo, ile ndogo ya mabawa, ikicheza hewani, nikamwona binti yangu, nikaona chumba, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe. Midomo ikaanza kusema yenyewe. Nikanong'ona, "Mungu utangulie, mkono ushike," nikainamia ule mkono wa Mwalimu, na kabla akili haijafika, tfu.

Nilimtemea mate. Mgonjwa. Mkononi, palepale nilipofuta.

Nyinyi mnaosoma kozi, somo la kuchafua ngozi iliyosafishwa mwandike jina langu pembeni.

Mwalimu alivuta mkono wake. Hakupiga kelele. Aliufungua ule mpira mwenyewe, akaukunja, akauweka mezani. Kiswahili kilimtoka chote, akazungumza Kiingereza, taratibu, kwa sauti ya chini. Alisema mara ya mwisho kutemewa mate alikuwa na miaka ishirini. Yeye na wanafunzi wenzake waliingia mgahawa wa watu weupe, wakakaa kwenye kaunta, wakakataa kuondoka. Kijana mmoja mwenye shati safi alikuja nyuma yake akamtemea shingoni. Alikuwa ameapa hatarudisha chochote, kwa hiyo alikaa na mate yale yakimshuka mgongoni mpaka walipokuja kutolewa. "Sikufikiri," alisema, "kwamba nitatemewa tena. Na sikufikiri ingekuwa wewe."

Jamani. Nimezika mume, lakini maneno yale yaliniingia mahali ambapo hata msiba haukufika.

"Mwite mkubwa wako," akasema.

Nikamwita Achieng'. Akaja na tabasamu la kazini, akatuona nyuso, tabasamu likaisha. Mwalimu akamwambia lililotokea, maneno manne tu. Achieng' alinigeukia. "Umefanya nini? Aika, sema hujafanya hivyo."

"Nimefanya."

"Woi. Woi, woi, woi." Akashika kichwa. "Sasa hapo nitakusaidia na nini?"

Akaenda kuleta fomu ya malalamiko. Mwalimu alitoa kalamu yake mfukoni, akaifungua, akaandika jina lake juu. Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kumwadhibu mtoto bila kuuliza. "Kabla sijaandika," akasema, Kiswahili kikarudi kidogo, "nataka kujua. Kwa nini?"

Kiingereza chote kilinikimbia. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikilia, kamasi zinanitoka kama mtoto wa darasa la tatu. Kwamba kwetu si tusi. Kwamba ndivyo mzee anavyokubariki, anakurushia mate kidogo au maji ya kinywani, akitoa kilicho ndani yake akakuachia wewe. Kwamba niliogopa, nikautemea mkono ili kazi ikubali. Kwamba sikujua habari za mgahawa ule, na kwamba ningejua ningemeza ulimi.

Achieng' alimgeukia Mwalimu. Halafu akasema, taratibu, "Hata kwetu wazee hufanya hivyo, Mwalimu. Nyanya yangu alinifanyia nikienda shule." Kisha akajikumbuka. "Lakini hii ni kliniki! Hapana, hapana. Rule ni rule."

Mwalimu aliitazama ile fomu. "Nitaandika nini hapa? Kwamba nimebarikiwa?"

"Mzee, usimtetee. Ametema mate kwa mgonjwa!"

"Waingereza wa kale wangeninyunyizia damu," akasema. "Tena ya mnyama." Lakini hakucheka, na kalamu hakuirudisha mfukoni. Akanigeukia. "Nieleze vizuri. Anayetema ni nani, na anayetemewa ni nani?"

"Mzee humtemea mtoto."

"Mimi nina miaka mingapi?"

Ilikuwa kwenye faili. "Sitini na saba."

"Na wewe?"

"Arobaini na minne."

"Kwa hiyo hata hilo umelifanya kinyume."

Achieng' alicheka, akajiziba mdomo, ikawa kama anapaliwa. Nami nikacheka na machozi yangu, nifanyeje? Ni kweli. Mtoto hambariki mzee. Kwetu hata mjinga wa kijiji anajua hivyo.

Mwalimu akangoja tumalize. "Na wewe, nani alikutemea ulipokuja huku?"

Hapo sikucheka. Nikamwambia. Fomu ya siri, jibu nililomjibu baba, mlango uliokuwa wazi, sanduku. Mbele ya Achieng' na mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili, ambaye hakuelewa neno lakini alikuwa ameacha kusoma gazeti.

Akaweka kalamu chini. "Mpigie."

"Mwalimu, sasa hivi?"

"Mimi sitii sahihi karatasi hii, wala siichani, mpaka umpigie baba yako. Kule ni saa ngapi?"

Ilikuwa jioni, saa za kukamua ng'ombe. Achieng' alitazama saa, akatazama wagonjwa, akatazama mbingu. "Dakika kumi," akasema. "Enda stoo. Na ukitoka huko bado hii mkono inashake, mimi nitatema mate mwenyewe."

Nilikuwa na ile kadi ya simu ya kukwangua, tarakimu zisizoisha. Simu ya stoo ilikuwa ukutani. Nilikosea namba mara mbili. Nilikuwa nimevaa glovu bado, sikukumbuka kuzivua, ndiyo maana nikabonyeza kitufe cha kusikika kwa sauti na kuuacha mkonga uning'inie. Akapokea mdogo wangu. Nikasema namtaka baba. Nikasikia hatua, kuku, kisha kile kikohozi chake.

"Nani?"

"Aika, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi, baba. Naomba baraka."

Nilijiandaa kwa hotuba ya mwaka mzima. Haikuja. Aliuliza, "Uko wapi?"

"Kazini. Stoo."

"Umesimama?"

"Nimepiga magoti."

Na kweli nilikuwa nimepiga, kati ya maboksi ya sindano na katoni za pamba. Kile kikohozi kikarudi.

"Sakafu ya nini?"

"Saruji, baba."

"Wewe una goti bovu," akasema. "Weka kitu chini."

Nikavuta boksi la glovu nikaliweka chini ya goti. Hapo ndipo nilipolia hasa, na sikuona haya. Nikamsikia akiagiza maji. Nikamsikia akinywa. Kisha tfuu, ndani ya simu, kwa nguvu zote, na tena tfuu. "Unachokishika kishike, mwanangu. Unapokanyaga pakukubali. Mikono yako niliyoifundisha kushika jembe ishike na huko." Nyuma yake mdogo wangu alikuwa analalamika kwamba simu yake imelowa.

Nikamshukuru. Nikamweleza pia nilichofanya, maana baba alitaka kujua kwa nini leo, na kwa nini nimo stoo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee uliyemtemea yupo hapo?"

Niligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, Achieng' nyuma yake. "Yupo, baba. Anaelewa Kiswahili ukisema polepole."

"Mpe simu."

Mwalimu akausogelea ukuta, akajiweka sawa kama anayeingia ofisini. "Hujambo, bwana," akasema. "Mimi naitwa Haskins."

"Una miaka mingapi, bwana Haskini?"

"Sitini na saba."

"Mimi sitini na mitano. Basi shikamoo, kaka."

Mwalimu aliikumbatia kofia kifuani. "Marahaba," akasema.

Baba akazungumza polepole sana, neno baada ya neno, kama alivyokuwa anazungumza nasi tukiwa wadogo. "Kaka, mwanangu amekutemea wewe kwa sababu mimi sikumtemea yeye. Nilikuwa ndani, nikamwona anapita, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Nisamehe mimi. Yeye mwache afanye kazi."

Baba hakuwahi kuniambia hivyo mimi mwenyewe, siku ile wala baadaye, mpaka tulipomzika.

Mwalimu aliweka kiganja ukutani kando ya ile simu. "Yamekwisha, kaka," akasema. Kisha akaenda kwenye kiti chake, akaichana ile fomu mara mbili, akakunja mkono mwingine wa shati, wa kushoto.

Achieng' aliniandikia barua ya onyo, alikuwa hana budi, na alinifanya niisome kwa sauti. Lakini hiyo ilikuwa mchana. Kwanza nilinawa mikono mara mbili. Nikavaa glovu mpya. Nikafunga mpira, nikabonyeza, nikaachia, nikabonyeza tena, mshipa ukarudi kidoleni. Nikafuta kwa spiriti, nikasubiri sekunde thelathini zote, mdomo nimeufumba mpaka meno yanauma. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani. Niliingia mara moja. Damu ikapanda kwenye chupa, ikafika mstari, ikasimama. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kidevuni na sikuweza kuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini, na haikutetemeka.